Kobe Chini ya Kitanda cha Iraci

Belém, 9 Februari 1998

Mama mpendwa,
Shikamoo. Natumaini mafua yamekuachia. Sisi hapa wazima, ila mimi nina hofu.
Umeandika kwamba umemweka kobe chini ya kitanda cha binti yangu Iraci, unayenilelea huko Óbidos, ili aivute pumu yake. Mama, mimi ni karani tu wa zahanati, lakini jana niliandikisha mtoto wa miezi saba, wa nyumba yenye kobe, aliyeugua salmonela, ugonjwa wa kuharisha na homa kali. Daktari anasema kobe huibeba tumboni bila kuumwa, akaiacha kwenye gamba lake na kwenye maji anamooga. Kwa mtoto mdogo inaweza kuua.
Nakuomba umtoe kabisa nyumbani. Mpaka atoke, beseni lake lisiingie jikoni, na kila anayemgusa anawe kwa sabuni kabla ya kumshika binti yangu.
Mwanao,
Eliézer

Óbidos, 20 Februari

Mwanangu,
Marahaba. Mimi mzima, na mto umejaa mpaka ngazi ya pili. Iraci ana meno mawili, anamng'ata kila mtu.
Yaani nimekusomesha ili uogope kobe? Wewe ulikua naye chini ya kitanda chako, na kifua kikapona! Bibi yako alisema kobe akitoka, pumu humrudia mtoto. Lakini baba wa mtoto ni wewe. Jumapili nimempeleka kobe kwa jirani Juvêncio. Haya, lala usingizi, bwana karani.
Mama yako

Belém, 2 Mei

Mama,
Shikamoo. Iraci ametoka hospitali, niko naye hapa Belém. Homa imeshuka, ananyonya chupa kidogo.
Siku tulipomfikisha hospitali ya Santarém akiharisha na homa kali, daktari aliniuliza, "Nyumbani kuna kobe, kasa, mjusi wa kufugwa?"
Nikasema, "Alikuwepo, mama alishamwondoa."
"Una hakika?"
"Naapa kwa Bikira wa Nazaré."
Ulikuwa kando yangu, Mama, umeshika soksi za Iraci. Hukusema neno. Kwa kiapo changu walimtibu siku tatu kama mtoto aliyekunywa maji machafu, mpaka vipimo vikarudi, salmonela ikiwa imeshaingia kwenye damu.
Nilipokuacha naye wodini nikaenda Óbidos kuchukua nguo zake, nilimkuta Juvêncio akipaka rangi mlango. Nikamshukuru kwa kututunzia kobe. Akacheka: "Kobe gani, we kijana? Mama yako hajanipa hata jani la mboga, atanipa kobe?"
Nikaingia chumbani, nikainama. Alikuwepo. Beseni lake lilikuwa kwenye sinki, limegusana na chupa ya maziwa.
Ningemwamini nani kama si wewe?
Mwanao,
Eliézer

Óbidos, 11 Mei

Mwanangu,
Marahaba, ingawa sistahili shikamoo yako.
Kabla yako nilizaa mtoto, Amadeu. Baba yako alimuuza kobe aliyekuwa chini ya kitanda chake, na wiki haikuisha pumu ikamchukua. Hatukukwambia. Ndiyo maana nilishindwa kumtoa huyu. Kunawa nilinawa, lakini si kila mara. Beseni nililiosha jikoni kwa sababu bomba la uani lilikauka. Na daktari alipouliza, nilijiambia: nikisema, Eliézer ataninyang'anya mtoto.
Sasa kobe ameondoka kweli. Nimemwomba Juvêncio atie sahihi hapa chini ili uniamini. Sinki nimelisugua kwa dawa. Niletee Iraci Juni, kwa sikukuu ya Mtakatifu Yohana.
Mama yako

Nimempokea kobe mmoja, mkaidi kama mwenyewe. Juvêncio

Belém, 30 Mei

Mama,
Shikamoo. Natumaini u mzima. Iraci anasimama akishika kiti, na kifua chake kimetulia.
Sahihi ya Juvêncio nimeiona. Niliikazia macho muda mrefu, nikaona aibu kwamba naichunguza. Pole kwa Amadeu. Ungeniambia, ningepanda meli siku ile ile, nikamtoa kobe kwa mikono yangu na kukaa nawe mpaka hofu ikupite.
Juni hatakuja. Tutakuja wote Desemba, umpakate mchana. Usitutandikie vitanda. Nimeshaandikia nyumba ya wageni ya pale bandarini.
Mwanao,
Eliézer