Kiti cha Nyuma cha Motokari ya Buluu

Jumatatu, 6 Mei 1957

Nimeosha motokari kabla ya kufungua duka, kama kila Jumatatu. Vumbi la safari ya Sakania limeingia hadi ndani ya taa. Rangi nyekundu imeanza kufifia mbele. Turubai la juu limechanika tena. Bado ni nzuri. Viti viwili, hakuna cha tatu, na ikishika lami unasahau shida zote.

Mgiriki wa gareji amekuja dukani. Ana mteja, Mzungu kichaa wa magari ya Kiingereza yasiyo na paa. Anataka langu. Badala yake nitapewa ya Kiitaliano, ya buluu, yenye paa la chuma na injini changa. Gari kwa gari. Nimesema nitafikiri. Ningeweza kusema ndiyo palepale.

Alhamisi, 9 Mei

Nimeijaribu ile ya buluu kwenye njia ya Kipushi. Gia zinaingia kama zenyewe. Polisi wamenisimamisha mara mbili kuniuliza bwana wangu yuko wapi. Nimezoea. Hata hilo halikuniharibia siku.

Ina kiti kidogo nyuma. Mtu mzima hawezi kukaa hapo vizuri. Ni cha mtoto.

Nimerudi nyumbani, habari ya kiti sikumwambia mtu.

Jumapili, 12 Mei

Mama amesikia habari za kile kiti, sijui kwa nani. Yuko kwetu tangu Pasaka, ametoka Mitwaba kungoja mjukuu. Baada ya misa amesema mbele ya mke wangu Veronika, akiionyesha nyekundu yangu ya watu wawili na viti viwili: "Bantu babili, biti bibili. Mutoto utamutia wapi?"

Miaka sita ya ndoa. Mimba mbili zimeharibika. Hii ni ya tatu, ina miezi mitano. Mtaani kwetu mtu huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Veronika hana, basi wamempa jina la gari langu lisilo na paa: Mama Décapotable. Wanacheka, naye anacheka nao. Akifika nyumbani hacheki.

Na kwetu hununui kitu cha mtoto kabla hajazaliwa. Hata kitambaa. Veronika hajashona chochote. Sasa mimi nilete kiti?

Jumanne, 21 Mei

Nimemwuliza Veronika kuhusu ile ya buluu. Alikuwa anachambua mboga za lengalenga, hakuinua kichwa.

"Motokari iko muzuri," amesema. "Ile kiti ya nyuma njo inaniogopesha."

Nimekasirika. Kiti ndicho cha kuogopa? Ni ngozi na chuma! Baadaye nimeona haya, maana hata mimi naogopa. Naogopa na bado naitaka.

Jumamosi, 15 Juni

Nimebadilisha. Mgiriki alisema mteja wake hangoji tena. Nikampa funguo za nyekundu, basi.

Nimeingiza ya buluu uani, nikafungua bolti, nikakitoa kile kiti na kukipeleka stoo ya duka, chini ya magunia ya chumvi. Nyuma pamebaki bati tupu. Nikamwambia Veronika: tazama, ni ya watu wawili kama ile ya kwanza. Akaniwekea chakula. Sijui kama amekubali. Mama amesema nina akili za kitoto.

Jumatano, 26 Juni

Veronika anatoka damu. Nimempeleka hospitali. Masista wamenifungia mlango. Ee Mungu wangu.

Ijumaa, 28 Juni

Alikuwa wa kiume. Hakulia. Hakubatizwa, kwa hiyo hakuzikwa pamoja na Wakristo. Nimemwuliza sista wamemlaza wapi. Akanionyesha kwa mkono, upande wa mikaratusi. Ni hivyo tu. Mkono.

Natamani kufa.

Alhamisi, 4 Julai

Veronika amerudi. Amepita moja kwa moja chumbani.

Aliyesema ni Mama. Eti kukitoa kiti hakukusaidia kitu, maana nilikuwa nimekwisha kukiingiza uani. Eti motokari imekula mtoto, yeye aliyeuliza mtoto atakaa wapi! Niirudishe, halafu yeye atawaambia wajomba kule Mitwaba wanitafutie msichana mwingine. Veronika alikuwa chumba cha pili, na kuta zetu ni nyembamba. Nimemwambia Mama asirudie maneno hayo. Sauti yangu ilitoka ndogo.

Habari ya msichana hainitishi. Nitakataa. Anayenitisha ni Veronika. Alisema anaogopa, nami nikaileta. Akinitazama, anamwona nani? Mumewe, au mtu aliyemwua mwanawe? Siwezi kumwuliza. Akinijibu, nitaishi vipi?

Jumatano, 10 Julai

Duka nimefungua, nimefunga. Baridi.

Jumanne, 16 Julai

Mgiriki tena. Yule Mzungu ameshindwa na baridi ya gari lisilo na paa, sasa anaitaka ya buluu. Kama ninaitaka nyekundu yangu, nifike Jumamosi, na ya buluu iwe kamili, pamoja na kiti chake.

Nikiirudisha, nimekubali maneno ya Mama: nilimwua mtoto wangu. Nikibaki nayo, Veronika ataipita uani kila asubuhi akienda bombani. Sioni njia. Siitaki ya buluu. Nyekundu nayo siitaki. Miaka yote hii nilidhani napenda magari.

Ijumaa, 19 Julai

Nitairudisha, nimewaambia nyumbani. Mama na aseme anavyotaka. Nimechoka kuiona.

Jumamosi, 20 Julai

Asubuhi nimekitoa kiti stoo, nikakifunga mahali pake. Bolti ya mwisho ilikuwa ngumu. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye mlango wa gari Veronika alipotoka nyumbani, kitambaa cheusi kichwani. Nikasimama kumpisha. Nilidhani anakwenda bombani.

Akainama, akaingia, akakaa kwenye kile kiti. Magoti yalimfika kifuani. Akakipapasa kwa kiganja, huku na huku, muda mrefu. Mama alikuwa amesimama mlangoni.

"Iko kiti tu," Veronika akasema. Kisha akanitazama machoni, mara ya kwanza tangu hospitali. "We haukufanya kitu. Usirudishe motokari."

Nililia mbele ya mama yangu, spana mkononi. Mama akaingia ndani.

Veronika akaniambia niwashe. Tumekwenda polepole. Watu walitutazama, mke amekaa nyuma na pembeni yangu hakuna mtu. Hakuna aliyeita jina lolote. Lami ilipokwisha, nilisimama, nikamwuliza kama anataka kuhamia mbele.

Akasema bado.