K kwenye hesabu ya Falone

Falone,

Mboga ya sombe iko kwenye sufuria. Kula yote, usimwachie muntu. Mimi niko sokoni.

Asubuhi niliona hesabu yako ya matumizi ya mwezi, ya masomo ya Kampala. Chai ya asubuhi umeiondoa, mahali pake umeandika "K". Nikakutania mbele ya wageni: "Huyu K njo kijana gani anayekunywa chai yako?" Ukatoka unalia. ~~Unalia bure.~~ Sasa mama yako ameniambia: K ni Koko, ni mimi; pesa ya chai ni ya dawa yangu ya presha. Nisamehe, mjukuu wangu.

Wakati wa vita nilimwambia mama yako "nimeshiba" kila siku, ili yeye ale. Uongo huo ni wangu, usiniibie. Nimefuta K, nimerudisha chai.

Koko wako,
kijana mwenyewe