Mashati Tuliyokuficha, Mama Futi

Mama, mwaka umetimia tangu utuache, na hasira zetu bado hazijapoa. Wengine huandika maneno haya kwa upole. Sisi utuvumilie.

Mtaa mzima ulikuita Mama Futi kwa sababu futi kamba haikutoka shingoni mwako, hata ukiwa jikoni. Shati likizidi nusu sentimita ulilifumua, mteja akiapa kwamba haoni kosa. "Mimi naliona," ulimjibu, ukamvutia kiti asubiri. Mtoto akichanika kaptula ulimshonea hapo hapo, ukimgombeza mpaka uzi wa mwisho.

Ulipotolewa uvimbe wa paja tuliambiwa ni saratani ya misuli, na kwamba ikirudi itakimbilia mapafuni. Basi kila miezi mitatu ulipigwa picha ya kifua, ikatoka safi, tukarudi nyumbani tukishangilia. "Na kichwa je?" uliuliza siku moja. Daktari akasema huko hufika mara chache sana. Mara chache! Maneno hayo yanatuchoma hadi leo.

Kisha mashati yakaanza kutoka na mkono wa kushoto mfupi. Hata chakula cha upande wa kushoto wa sahani ulikiacha. Tukasema ni uchovu, tukakununulia miwani. Mdogo wako, uliyeshona naye chumba kimoja, akawa anafumua na kurekebisha ukienda kupumzika, ili usivunjike moyo. Sote tulijua, na wiki sita nzima hakuna aliyefungua mdomo.

Daktari alipokuuliza kazi inaendaje, ulijibu kwa maringo, "Sijakosea hata shati moja." Ulisema kweli kadiri ulivyojua. Sisi tuliokaa kando yako tukaangalia sakafu.

Ulipoanguka kifafa kwenye cherehani ndipo kichwa kikapigwa picha. Uvimbe uliokufanya usitambue upande wa kushoto ulikuwa umefikia ukubwa wa limau. Kama zile wiki sita zingekuokoa, hatujui. Tumeuliza kila mlango, na kila mtu anatuambia tumshukuru Mungu.

Shati lako la mwisho ulimshonea baba. Mdogo wako alishika wembe alifumue, baba akamnyang'anya. "Liache," alisema. "Tumeficha vya kutosha." Leo amelivaa mbele za watu, mkono wake wa kushoto ukiwa mfupi kwa upana wa vidole viwili.

Unakumbukwa na mumeo, mdogo wako, wanao watatu, wakwe zako na wajukuu uliowapima urefu kila mwezi.

Hatutakusahau kamwe, Mama, wala hatutafumua tena ulichoshona.