Saa za Baba Kunyamaza

Ghorofa ya pili,
Juu ya karakana ya ushonaji.
Jumatano, 12 Juni

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Mgongo umekuachia walau kidogo? Na shemeji, kikohozi kimeisha? Huku tu wazima, ila mimi situlii. Barua hii nimeianza mara tatu, na kila mara nainuka kuchungulia kompyuta.

Uliniambia niandike kila anachosema Baba kabla kumbukumbu haijamtoka yote. Nimekuwa nikiandika kwenye simu tangu Januari. Kwa kuwa najijua nilivyo mvivu, nilichukua kompyuta yangu kuukuu, nikaipandisha juu ya kabati na kuiwekea programu ya kuyapokea maandishi hayo kutoka kwenye simu na kunihesabia: nimeandika mara ngapi, siku gani, saa ngapi. Kisha inachora grafu. Zipo kampuni zinazofanya kazi hiyo, lakini sikutaka maneno ya mzee wetu yakae kwenye mashine za watu nisiowajua.

Dada, kitu hicho kilininyima raha. Mstari ukipanda nafurahi, ukishuka nazunguka chumba. Mwezi wa nne ukaporomoka. Nikadhani programu imeharibika, nikahangaika nayo Jumamosi nzima. Haikuwa na kosa lolote. Baba ndiye aliyenyamaza.

Sikufichi, nilikuwa namfokea. "Baba, nimeshakuuliza mara tatu!" Naye anatabasamu, anajibu kitu kingine kabisa. Kaka Mkubwa alishaanza kuulizia nafasi kwenye nyumba ya kutunzia wazee.

Wiki iliyopita nikapanga grafu kwa saa badala ya siku. Kabla ya saa mbili asubuhi, Baba anasema sana. Baada ya hapo, kimya hadi jioni. Jumapili anaongea kutwa. Nimekaa naikodolea macho, mara cherehani za huku chini zikaanza kunguruma, sakafu ikatetemeka. Saa mbili kamili! Na mwezi wa nne ndipo fundi alipoongeza cherehani sita.

Kesho yake nikampeleka kwa daktari wa masikio. Alimpima karibu saa nzima, akaniambia, "Mengi mzee wako hajayasahau. Hajayasikia."

Nilishindwa kumtazama Baba usoni.

Jana amewekewa kifaa sikioni. Nikamwomba radhi kwa kelele zangu. Akasema, "Nilijua unanigombeza, uso wako hauna siri. Sikujua tu kosa langu." Tukacheka, kisha nikaenda kunawa uso.

Lakini mzigo sijautua. Majuzi jina la marehemu Mama lilimpotea, na ilikuwa Jumapili, nyumba kimya. Daktari wa kumbukumbu atampima upya mwezi ujao. Kaka Mkubwa amekubali kungoja.

Wewe usingoje. Leo Baba ameniuliza mbona siku hizi hupigi simu. Nikamwambia, Dada anapiga kila Ijumaa mchana na wewe unaongea naye. Akainama. "Nilikuwa naitikia tu," akasema. "Sauti ya binti yangu sijaisikia tangu mwezi wa nne."

Piga asubuhi, kabla ya saa mbili. Atakuwa ameshaamka.

Wasalimie shemeji na mapacha. Shangazi na Kaka Mkubwa wanakusalimu sana. Mungu akuzidishie nguvu, akuepushe na kila baya.

Mdogo wako anayekuwaza kila siku,
Kitindamimba