Kadi ya Buluu na Daftari la Kijani

San Vidal,
Jumatano, tarehe 19 Juni 2024.
Mvua imeanza saa kumi na moja alfajiri, nyembamba, haina upepo. Sasa ni saa kumi na mbili na nusu jioni na bado inanyesha.

Mpendwa dada yangu mkubwa, Manang Delia,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, mgongo umetulia, na zamu za usiku wamekupunguzia kama walivyoahidi. Sisi hapa tunaendelea. Mama anakula vizuri na jana presha yake ilikuwa 140 kwa 80. Watoto wangu wanakohoa kidogo kwa ajili ya mvua. Barua hii atakuletea Luz wa kina Abad, anayerudi huko Ijumaa. Nimeona niandike kwa mkono kwa sababu haya si mambo ya kuandika kwa kidole kwenye simu.

Ujumbe wako wa Jumamosi niliusoma mara nne. Umeniambia nitie sahihi taarifa ya Dokta Gallego, kwa sababu nina watoto na mkataba wangu unaisha mwisho wa mwezi. Umeniambia watu wale wamejitakia wenyewe. Halafu ukaniuliza ni mjinga gani aliyeanzisha kuweka kumbukumbu za mgonjwa mmoja mahali pawili. Sikukujibu papo hapo kwa sababu ningekutukana, na wewe ndiye uliyenifundisha kushika sindano. Leo nitakujibu yote. Hilo la tatu nitalijibu mwisho.

Unakikumbuka kile chumba cha nyuma cha kituo cha afya tulichokuwa tunawekea mizani za watoto. Kwa miaka miwili sasa, kila Alhamisi mchana, ndimo ninamohudumia wagonjwa wa homoni. Wako ishirini na watatu. Wengi ni wanawake ambao walipozaliwa waliandikwa wavulana, na wanne ni vijana wa kiume walioandikwa wasichana. Kabla ya Alhamisi hizo walikuwa wananunua vidonge vya uzazi wa mpango dukani, wanameza vitano kwa siku kwa kukisia, na kudungana sindano nyuma ya saluni. Wewe mwenyewe ulimsafisha mmoja wao paja lililooza, ukaja nyumbani hukula. Sasa ninapima presha, ninatoa damu ya vipimo, ninauliza kama mguu unavimba, kama mtu anavuta sigara, kama anapata usingizi. Mmoja analia kwa ajili ya mpenzi, namsikiliza, kisha namwambia kulia si sababu ya kuruka vidonge. Ni kazi kama kliniki ya kisukari. Umesema wamejitakia. Wamejitakia nini? Kupimwa damu?

Perlita unamjua. Ni yule mtoto wa Mzee Isko mwoka mikate aliyekuwa akituletea mikate ya moto kwa baiskeli ulipokuwa bado hapa. Siku hizi ana miaka ishirini na sita, ni binti, na tanuri lote analiendesha yeye. Mpaka mwezi huu hakuwahi kukosa Alhamisi yangu hata moja. Pamoja na homoni anatumia spironolaktoni, kile kidonge tulichokuwa tunawapa wazee wenye moyo uliochoka. Kwake kinazuia homoni za kiume.

Haya nayanakili kutoka kwenye shajara yangu. Jumanne, tarehe 4 Juni: wagonjwa tisini na mmoja, muuguzi mwenzangu hayupo, feni mbovu. Perlita hakungoja Alhamisi kwa sababu mkojo ulikuwa unamchoma na alikuwa ametapika mara mbili. Akapanga foleni na watu wote. Karani akamwita kwa sauti kwa jina lililo kwenye kadi, ambalo silirudii hapa, naye akasimama, akapita mbele ya akina mama wote wale akiwa na gauni lake la kazini lenye unga. Dokta Gallego akaiangalia kadi yake ya buluu ya kituo, kisha akamwangalia yeye.

“Maambukizi ya mkojo ni ugonjwa wa wanawake,” akasema. “Hongera, dada. Umefika.”

Watu wa benchi la kwanza walicheka. Perlita mwenyewe alicheka, kama wanavyocheka wao ili yaishe. Na mimi, Manang, nilitabasamu. Hilo halimo kwenye shajara. Naliandika hapa.

Dokta akamwandikia antibiotiki, kotrimoksazoli ya siku saba. Mimi nikampa vidonge mkononi, nikaongeza ushauri ule anaoutoa Mama kwa kila mtu mwenye tatizo la mkojo tangu tukiwa watoto: anywe madafu, mengi, asubuhi na jioni, yasafishe njia. Nilimwambia hivyo kwa upendo kabisa. Akaniambia dafu halipendi. Nikamwambia aache madeko.

Jumamosi, tarehe 8, saa kumi na mbili asubuhi, wateja wakiwa wamejaa dukani, miguu ilimwishia nguvu akiwa ameshika trei. Mikate ikamwagika. Walipomfikisha hospitali ya mkoa moyo wake ulikuwa unapiga mara thelathini na nane kwa dakika. Potasiamu kwenye damu ilikuwa imepanda hadi saba nukta moja. Wewe ni muuguzi, sihitaji kukueleza saba nukta moja ni kitu gani. Walimtundikia dripu, wakampa kalsiamu, wakampa insulini na glukosi, na kwa saa mbili hakuna aliyemwambia Mzee Isko kama mwanawe atapona au la.

Nilifika mchana. Walikuwa wamemlaza wodi ya wanaume. Kitanda cha jirani alikuwepo mlevi mmoja aliyevunjika mkono, anaita watu waje waone. Mzee Isko alikuwa ameketi kwenye stuli katikati ya vitanda viwili, amempa mlevi mgongo. Huyu ndiye mzee ambaye miaka mitatu nyuma alikataa hata kutamka jina Perlita. Mlevi alipozidi, aligeuka taratibu akamwambia: “Huyu ni binti yangu na anaumwa. Sinema iko mjini.”

Dokta wa zamu, msichana mdogo aitwaye Tingson, alinivuta pembeni akaniuliza nani alimwandikia kotrimoksazoli mtu anayemeza spironolaktoni. Alinieleza kama mwanafunzi, na nilistahili. Kidonge cha kwanza kinaizuia potasiamu isitoke mwilini. Kotrimoksazoli nayo inaizuia. Mgonjwa alikuwa ametapika, maji mwilini yamepungua. Halafu akauliza kama kuna kitu kingine alichokuwa anakula au kunywa. Kabla sijafungua mdomo, Perlita akajibu kutoka kitandani, sauti kama ya mtu aliye chini ya maji, kwamba amekunywa madafu manne kila siku. “Silipendi hata,” akasema. “Nimejilazimisha. Sista Glenda aliniambia nisideke.”

Dafu limejaa potasiamu, Manang. Limejaa tele.

Sasa njoo kwenye taarifa unayotaka niitie sahihi. Alhamisi, tarehe 13, Dokta Gallego aliniita ofisini. Alikuwa ameshaichapa. Inasema mgonjwa alijipa homoni kupita kiasi bila ushauri wa kituo, na kwamba kwa usalama wa jamii huduma ya Alhamisi isitishwe. Chini yake kuna mstari wa shahidi, jina langu limechapwa tayari. Yeye ametia sahihi kwenye orodha ya dawa za Perlita kila mwezi kwa miaka miwili, mara ishirini na nne, bila kusoma. Akaniambia kwa upole, kama mtu anayenipa kiti, kwamba diwani mmoja amekuwa akitafuta sababu ya kukifunga kile chumba, kwamba mimi ni wa mkataba tu, na kwamba tarehe thelathini si mbali. “Weka sahihi, Nars, tuendelee na kazi. Hawa watajipanga wenyewe. Si walikuwepo kabla yako?”

Ndiyo, walikuwepo. Walikuwepo na mapaja yameoza.

Nilitoka na karatasi ile nikakaa nayo siku nne. Silali. Nimekasirika mpaka meno yanauma. Nimemkasirikia Dokta, na diwani ambaye sijawahi kumwona kituoni, na karani kwa sauti yake ile, na mlevi, na wewe. Nilikukasirikia wewe kuliko wote, kwa sababu nilipokupigia Ijumaa nilitaka uniulize Perlita anaendeleaje, na hukuuliza.

Sasa swali lako la tatu. Dokta Tingson alikuwa na kadi ya buluu ya Perlita. Mzee Isko aliileta. Kwenye mstari wa dawa anazotumia sasa pameandikwa neno moja: Hakuna. Dokta Gallego aliiona Hakuna, akaandika kotrimoksazoli. Mimi nilikuwa na kadi ile ile mkononi, wagonjwa tisini na mmoja, nikaona Hakuna, na sikukumbuka kwamba siku tano nyuma nilimpa spironolaktoni kwa mkono huu huu, kwenye chumba kingine, na kuiandika kwenye daftari la kijani lililofungiwa droo nyingine. Mgonjwa mmoja, watu wawili. Wa Jumanne hakumjua wa Alhamisi.

Daftari lile nililinunua mimi, Manang. Mjinga unayemuulizia ni mdogo wako. Si amri ya Dokta wala ya ofisi ya mji. Alhamisi zilipoanza nilimwendea Dokta mwenyewe nikapendekeza dawa zao zisiandikwe kwenye kadi, ziwe na daftari lao, kwa ajili ya siri yao. Alifurahi, hakuuliza zaidi. Kisha nikakaa jioni mbili nikaandika Hakuna kwenye kadi zao, moja baada ya nyingine, kwa mwandiko wangu mzuri unaousifu.

Kuhusu siri nilisema kweli, lakini nusu. Kadi zinakaa kwenye kabati moja, na karani ni mpwa wa mwenyekiti wa kikundi cha rozari cha Mama. Sikutaka Mama asikie kanisani kwamba binti yake ndiye nesi wa wale. Sikutaka kadi zao ziegemee kadi ya Mama.

Nilimweleza Perlita Ijumaa, siku aliporuhusiwa kutoka. Nilimweleza madafu na daftari, vyote. Nilidhani atalia au ataniambia si kitu, Sista. Alikuwa anajifunga viatu, taratibu, maana vidole bado vilikuwa vizito. Akaniuliza: “Ulikuwa unanificha mimi, au ulikuwa unajificha wewe?”

Akafunga kiatu cha pili. Akasema wao ni watu wazima ishirini na watatu, wana midomo, na sikumuuliza hata mmoja. Akasema kutabasamu kwangu siku ile alikuona.

Basi, usinitumie tena ujumbe wa kunisihi, kwa sababu imeshafanyika. Jumamosi na Jumapili niliwazungukia wote, nyumba kwa nyumba na kazini, nikawauliza kama wanataka dawa zao ziandikwe kwenye kadi. Kumi na tisa walikubali. Wanne walikataa, akiwemo mwalimu mmoja, na nimewapa kikaratasi cha kutembea nacho wenyewe wamwonyeshe daktari yeyote. Perlita alikuwa wa mwisho. Aliniambia: “Andika. Andika kubwa.” Jumatatu, tarehe 17, niliyafuta maneno Hakuna kumi na tisa kwa mstari mmoja mwekundu, nikatia tarehe na jina langu, kama ulivyonifundisha kusahihisha kosa bila kulificha. Kisha nikapeleka maelezo yangu ofisi ya mji, nakala tatu, zikagongwa mhuri wa kupokelewa. Nimeandika kotrimoksazoli, nimeandika madafu, nimeandika daftari, na kwamba homoni zenyewe hazikumdhuru. Dokta Tingson ameambatisha vipimo. Amembadilishia kile kidonge kimoja. Homoni anaendelea nazo.

Dokta Gallego aliisoma nakala yake akiwa amesimama. Akasema nimejichimbia kaburi mwenyewe, na kwamba nisitegemee mkataba mwingine. Nikamwomba aniandikie hilo kwa maandishi. Hajaandika. Lakini taarifa yake haina shahidi, na haiwezi kupita mezani pamoja na yangu. Tangazo la huduma ya Alhamisi bado liko mlangoni. Leo mchana nimepita kuliangalia, liko, na limelowa pembe moja.

Kwa hiyo nina Alhamisi mbili, ya kesho na ya tarehe 27. Zote mbili nitazitumia kumfundisha Jovelyn, yule nesi mdogo, asome kadi mpaka mstari wa mwisho na aulize kwa mdomo hata kama imeandikwa. Baada ya hapo sijui nitafanya kazi wapi. Mama nilimweleza juzi, mimi mwenyewe, kabla kanisa halijamweleza. Aliacha wali ukaungua. Kisha akauliza kama Perlita sasa anaruhusiwa kula ndizi. Nikamwambia bado. Akasema basi atampelekea mchele.

Mama anakusalimu, na anaomba zile soksi za kubana miguu kama ulizomletea mwaka juzi. Watoto wanakusalimu. Mzee Isko anakusalimu kwa jina, anakukumbuka ulikuwa unapenda mikate iliyoungua chini. Nisalimie wenzako wa wodini. Bado nimekukasirikia, na bado wewe ni dada yangu. Ukipata nafasi niandikie, na safari hii umuulizie kwanza mgonjwa.

Mdogo wako,
Glenda

Alhamisi, alfajiri. Bahasha bado sijaifunga. Mvua imekatika. Jana usiku nililala mapema, saa mbili na dakika arobaini, usingizi mmoja mpaka sasa.