Cherehani Iliyo Kichwani mwa Mama

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie, na ukitaka kunicheka nicheke kwanza, maana mwenyewe nimeshajicheka hadi mbavu zinauma.

Mimi ni mpiga picha, nina studio ya chumba kimoja, kazi yangu kubwa ni picha za paspoti na watoto wanaolia, lakini sisi tuliokimbia vita tukahamia mji huu tulipoamua kufanya maonyesho ya picha za safari yetu, ili watoto wajue tulikotoka, nilichaguliwa mwenyekiti, na tangu siku hiyo kichwa kikavimba, nikanunua miwani nisiyoihitaji, nikaanza kusema "sisi wasanii". Watu wakaleta picha zao, nyingine zimekunjwa mpaka zimekatika, nyingine zimeliwa na unyevu, na katika moja nikamwona mama yangu mzazi, bado kijana, katikati ya umati njiani, cherehani kichwani, mimi mgongoni. Nikaikuza ikawa kubwa kama mlango, nikaitundika pale unapoingia ukumbini, nikaandika chini yake: "Aliacha vyote, hakuacha riziki ya wanawe." Siku ya ufunguzi nikahutubia, nikasema cherehani ile ni urithi wa ukoo wetu kutoka kwa bibi yangu, jambo ambalo sikuambiwa na mtu yeyote, lilinijia tu mdomoni likaninogea, watu wakalia, na mimi nikalia kwa kusikia ninavyosema vizuri.

Mama alichelewa kufika kwa sababu ya magoti. Akasimama mbele ya picha, akaniomba nimsomee maandishi. Nikamsomea kwa madaha.

"Nani kakwambia hiyo cherehani ni yangu?" akaniuliza.

Nikadhani anatania. "Mama, si ndiyo iliyotulisha?"

"Imetulisha, ndiyo. Lakini ni ya Mama Pacha, jirani yetu. Aliniambia, 'Nishikie hii, nawafuata watoto kwa bibi yao, nakuja sasa hivi.' Nikamngoja njia panda mpaka watu wakanivuta. Hakuja."

Nikamuuliza mbona hakuwahi kutuambia. Akasema, "Mlikuwa mnakula. Ningewaambia mnakula cha nani?"

Sasa anataka Mama Pacha atajwe chini ya picha, na watu waulizwe kama kuna anayejua habari zake au za wale pacha. Naogopa, mshauri. Watu watasema tulijishibisha kwa mali ya mwenzetu aliyepotea, na mwenyekiti aliyeliza ukumbi mzima ataonekana debe tupu. Nimemwomba mama tungoje maonyesho yaishe, na tangu hapo ananijibu "mhm" tu. Nifanye nini?

Mwenyekiti asiyejua pa kuficha uso

*

Mwenyekiti, pole. Nimekucheka kama ulivyoniruhusu, sasa tukae kitako.

Unaogopa kuitwa mtoto wa mwizi. Mwizi gani anamngoja mwenye mali njia panda? Mama yako alikuwa na mtoto mgongoni, watu wanatupa hata masufuria ili wakimbie, na bado hakutupa chuma cha mwenzake. Kisha akalikalia jambo hilo peke yake miaka yote ili nyinyi mshibe bila kukabwa koo. Kutojua kwako sikulaumu. Wengi hawawaulizi wazazi wao, wakiogopa kutonesha kidonda. Ninachokulaumu ni kumwambia angoje. Amengoja vya kutosha.

Hebu wafikirie hao pacha. Kama wako hai, ni watu wazima sasa, na huenda hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba mama yao alirudi kuwafuata. Aliyeyasikia maneno yake ya mwisho pale ni mama yako. Wewe unayazuia kwa sababu ya hotuba.

Leo hii nenda ukabandue maandishi yako. Mketishe mama mbele ya kamera asimulie, usimkatize, na akirudia jambo mwache arudie. Bandika maneno yake kama alivyoyasema, kisha tuma picha na maneno hayo kwa watu wenu kila walikotawanyika. Cherehani ile ni mali ya hao pacha. Wakipatikana, wataelewana na mama yako, wewe usiingie kati. Watakaonung'unika watanung'unika, hakuna aliyekufa kwa kunung'unikiwa.

Na siku ya kufunga maonyesho, kipaza sauti apewe mama. Wewe mtafutie kiti kizuri, kisha unyamaze.