Stesheni ya Wakesho

Jumapili, 2 Mei 1999

Nimepiga pasi yunifomu mbili za kazini, nimechemsha maharagwe. Miguu inauma. Kanisani leo nimesimama wakati wa matangazo. Nimesema Mungu ni mwema, mwanangu Wakesho amekabidhiwa stesheni ya reli. Stesheni nzima. Watu walipiga makofi mpaka mchungaji akatabasamu. Mama Njeri, mwenyekiti wetu wa akina mama, alinikumbatia. Nikaongeza kwamba ni damu, maana baba yangu alikuwa stesheni masta kule kwetu Voi.

Nikiwa ndani ya basi nilifikiri. Wakesho alisema anaandika historia ya stesheni iliyofungwa, huko Kent, nje ya London, kijiji chenye jina refu ambalo sitajaribu kuliandika. Wanakijiji wamempa chumba cha kukatia tiketi akitumie kwa mwaka mmoja. Lakini ufunguo anao. Nimeuona kwa macho yangu, mkubwa kama kijiko cha kupakulia. Mwenye ufunguo si ndiye mwenye nyumba?

Jumatano, 5 Mei

Wakesho amekuja kula. Amekonda lakini anacheka. Mikono ina mikwaruzo ya miiba. Mtoto wa chuo kikuu, digrii ya historia, mikono kama ya mkata kuni. Nimempaka mafuta.

Alisimulia habari za stesheni yake mpaka chai ikapoa. Ilijengwa zamani za Malkia Viktoria. Ilibeba maziwa, cheri na maua ya kutengenezea bia, vyote vikija huku London. Masta mmoja alipanda mawaridi pande zote za jukwaa, abiria wakawa wanateremka kuyanusa na kuachwa na treni. Kisha miaka ya sitini serikali ikafunga stesheni ndogo ndogo. Reli zikang'olewa. Chumba cha kungojea kikawa stoo ya makaa. Hakuna aliyeandika lolote, na wazee wanaokumbuka wanakwisha.

Mimi nilimwuliza kama watampa yunifomu. Alicheka. Mimi sikucheka.

Akauliza tena habari za babu yake. Kofia ilikuwa rangi gani, nyumba ilikuwa na vyumba vingapi. Anataka kumtaja ndani ya kijitabu. Nikamjibu kama ninavyojibu siku zote. Kofia nyeusi, ukanda wa dhahabu. Veranda. Aliandika kila neno. Yeye husema Kiingereza nami Kiswahili, na tunaelewana vizuri.

Jumapili, 9 Mei

Balaa. Mama Njeri ametangaza kwamba akina mama wote wataenda kubariki kazi ya Wakesho. Ndio desturi yetu, mtoto wa mmoja akipata kazi twende na maombi, leso na chakula. Kwa mtoto wa Mama Bahati tulienda mpaka Croydon, tukaimba mbele ya ofisi hadi mlinzi akatoka. Mimi ndiye niliyeimba kwa sauti kuliko wote. Sasa zamu yangu.

Jumamosi tarehe 22. Basi dogo limeshakodiwa.

Mama Bahati, yule wa Bukavu, aliuliza kama mtoto wa stesheni atatupandisha treni bure. Nikasema tutaona. Tutaona! Kinywa changu hiki.

Alhamisi, 13 Mei

Nilimpigia Wakesho nikidhani atakataa. Nilimwambia una kazi nyingi, akina mama wanaweza kungoja. Alifurahi kama mtoto wa miaka sita. Njoo nao wote, Mama.

Siwezi kumwambia kwa nini sitaki. Naona aibu kabla hata ya aibu yenyewe.

Ijumaa, 21 Mei

Chapati arobaini. Kuku. Mikono ilifanya kazi, kichwa hakikuwepo. Nimeombea mvua. Mwanamke mzima naombea mvua.

Jumamosi, 22 Mei

Naandika bado nikiwa na kitenge cha kanisa mwilini. Naandika yote.

Hakuna mvua. Jua zuri kama kwetu. Tulikuwa kumi na wanne, vitenge sare vya buluu, tukiimba tangu Stratford. Nyimbo nyingine nilizianzisha mimi, maana ningefanya nini? Mji uliisha, mashamba yakaanza, njia ikawa nyembamba mpaka matawi yakakwaruza vioo. Dereva akasimama. Akasema ni hapa.

Nyumba ndogo ya matofali, nusu ya paa ina turubai. Jukwaa lipo, limeota majani. Pale reli zilipotakiwa kuwa pana miiba tu, na kondoo mmoja anatutazama.

Mama Bahati akauliza: "Mama Wakesho, iyi njo gare? Sasa treni inapitaka wapi?" Gare kwao ni stesheni.

Wengine wakaanza kucheka chini ya leso. Mmoja alisema labda treni imeenda choo. Uso wangu uliwaka. Hapo Wakesho alitokea nyuma ya nyumba, gambuti mpaka magotini, panga mkononi, majani kwenye nywele, amekunjua tabasamu lote.

Nami nikasema. Nikasema kwa sauti ili wote wasikie: "Huyu dereva ametupoteza. Si hapa."

Mwanangu amesimama hatua kumi kutoka kwangu. Nikasema si hapa.

Tabasamu lilishuka polepole. Hakupiga kelele. Alitazama gambuti zake, kisha akasema kwa Kiswahili, yeye ambaye hajanijibu Kiswahili tangu akiwa darasa la tatu: "Ni hapa, Mama."

Mungu anisamehe. Kama ardhi ingepasuka ningeingia na chapati zangu.

Mama Njeri ndiye aliyeokoa siku. Hakunitazama. Alimwendea Wakesho, akamvisha leso mabegani juu ya tope lote lile, akaanzisha pambio. Tukapanda jukwaani, tukaimba. Kondoo akakimbia. Tuliomba kwa ajili ya kuta, kwa ajili ya paa, kwa ajili ya watu wote waliowahi kuagana pale. Sikuweza kuinua kichwa.

Ndani pamefagiwa. Ukutani amebandika picha za kale. Masta na mawaridi yake, wanawake na makopo ya maziwa, watoto wa London walioletwa wakati wa vita kukwepa mabomu, wakiwa na vikadi vya majina shingoni. Akina mama walizitazama moja moja. Mama Bahati alilia mbele ya wale watoto. Alisema naye aliwahi kumfungia mwanawe kikaratasi chenye jina shingoni, njiani, wakikimbia. Hakuna aliyecheka tena. Walielewa kazi ya mwanangu kabla yangu.

Kisha Wakesho akasoma ukurasa wa kwanza wa kijitabu chake na kutafsiri mwenyewe. "Kwa babu yangu Mwadime, stesheni masta wa Voi, na kwa mama yangu aliyenisimulia." Vigelegele. Mimi nikatazama sakafu.

Kuna mzee Mwingereza anayemsaidia, Mzee Len, miaka themanini na zaidi. Alikuwa kuli wa stesheni hiyo tangu kijana mpaka siku ya mwisho. Alileta pete kubwa ya chuma yenye mkoba wa ngozi, akataka akina mama wabahatishe ni ya nini. Wakasema ya kutegea sungura. Ya kubebea sufuria. Mimi niliichukua bila kufikiri. Nikasimama pembeni, nikanyoosha mkono, pete juu, mwili umeegemea nyuma, ili dereva wa treni isiyosimama aidake kwa mkono wake na pete isikuvunje bega. Ndani ya mkoba kuna kibao cha ruhusa. Bila hicho dereva haingii kwenye kipande cha reli kilicho mbele, maana reli ni moja na treni nyingine huenda inakuja.

Mzee Len alinitazama. Alingoja wengine watoke kwenda kula. Akaniuliza nani alinifundisha. Nikasema baba. Akasema polepole kwamba hapa kwao masta hakuigusa pete hiyo hata siku moja, ilikuwa kazi yake yeye kuli. "Basi baba yako alikuwa mwenzangu," akasema. Akanishika mkono kwa heshima. Hakunicheka. Heri angecheka.

Jumatatu, 24 Mei

Kazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, nimeogesha wazee saba, nimetandika vitanda. Hakuna aliyesoma kitu usoni pangu.

Haya. Baba hakuwa masta. Alikuwa mtu wa kubadilisha njia za reli, pointsman, na kutoa pete. Taa ya kijani na nyekundu, kaptula ya kaki, jua la Voi kichwani. Veranda ilikuwa ya masta. Sisi tulikaa chumba kimoja kwenye landi za reli, zile nyumba za safu za wafanyakazi. Nilipofika London mama mmoja wa kanisa aliniuliza baba yako alifanya nini, na huyo mama mumewe alikuwa daktari. Neno likatoka. Likakaa. Nikalilisha miaka kumi na mitano.

Katika maisha yake yote baba hakuwahi kuelekeza treni njia isiyo yake. Ni mimi niliyemwelekeza yeye.

Jumamosi nimemkana mwanangu. Baba nilimkana zamani.

Jumatano, 26 Mei

Wakesho amepiga simu. Sauti ya baridi, ya adabu. Kijitabu kinaenda kwa mchapaji Ijumaa. Amesema amehakiki kila jambo mara mbili. Palikuwa na hadithi nzuri kwamba malkia mmoja aliwahi kushuka pale kunywa chai. Kijiji kizima kinaipenda. Ameiondoa, kwa sababu hakuna karatasi wala shahidi. Akasema, Mama, nikiacha uongo mmoja hakuna atakayeamini mengine.

Nikasema vizuri mwanangu. Nikakata simu. Nikakaa jikoni, koti bado mwilini.

Alhamisi, 27 Mei

Nimeomba ruhusa kazini, nimesema naumwa. Si uongo sana.

Treni, basi, kisha nimetembea kwa miguu katikati ya ua wa miiba. Nilimkuta peke yake anasugua kibao cha jina la stesheni. Nilisimama mlangoni. Sikujua mzazi anaombaje msamaha kwa mtoto, sijawahi kuona ikifanywa. Nikasema tu. Kwanza la Jumamosi. Kisha la baba.

Akauliza, "Na kofia?"

Nikasema kofia haikuwepo. Alikuwa na taa.

Alikasirika. Haki yake. Alisema yeye ndiye aliyeandika uongo kwa mkono wake mwenyewe, tena ukurasa wa kwanza, tena kwa mapenzi. Alisema angempenda yule mwenye taa tangu zamani kama ningempa. Nililia. Yeye hakulia. Aliendelea kusugua kibao, nami nikachukua kitambaa cha pili nikasugua upande wa pili. Tulisugua mpaka herufi zote zikatokea.

Kisha akaleta daftari. Akasema, "Haya. Anza upya. Taa ilikuwa ya namna gani?"

Jumapili, 13 Juni

Kijitabu kimefika kwa posta. Chembamba, kimefungwa kwa pini mbili. Ukurasa wa kwanza: kwa Mwadime wa Voi, aliyetoa pete na kushika taa. Mimi nimetajwa mwishoni, kwenye orodha ya mashahidi, jina langu chini ya la Mzee Len.

Kanisani nilisimama tena wakati wa matangazo. Niliwaambia ukweli wa stesheni na ukweli wa baba. Mama Bahati akasema kwa sauti, "Eeh, basi ndiyo maana uliishikaka vizuri ile chuma!" Watu wakacheka, na mimi nikacheka kidogo. Bado naona aibu. Nafikiri itakaa nami kwa muda, na ikae.

Nje, Mama Njeri alinishika kiwiko. Alitaka kunisaidia, najua. Akaniuliza, kwa hiyo baba alikuwa mkuu wa hao wa kubadilisha njia?

Neno "ndiyo" lilikuwa limeshafika mdomoni.

Nikasema hapana, dada. Alikuwa mmoja wao tu.

Sasa nimerudi nyumbani. Chai ipo. Yunifomu ya kesho bado haijapigwa pasi.